Mguu wa Kushoto wa Swala

Ulianza kwa sauti: ko.
Mara moja kila mzunguko, ko,
kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole
kwenye nyumba anayojua imehamwa.
Nikasema ni jiwe. Nikasema ni stendi.
Nilisema lolote, mradi lisiwe la pesa.

Hadi siku ile, mlima wa Kitangari,
madumu manne kwenye keria, jua la Oktoba utosini,
harufu ya mabibo yaliyooza pande zote mbili za njia.
Nikakanyaga kushoto, kushoto kukakataa.
Krenki ikajigeukia yenyewe, bure, kama ulimi wa mlevi,
nami nikaenda chini na lita themanini.
Mchanga wa Newala haukubakisha hata tope.

Fundi Nandonde akampindua Swala miguu juu,
akaing'oa kotapini kwa nyundo na matusi mawili.
"Njoo utazame."
Tundu lililokuwa duara limekuwa yai.
Ndani yake bati la kopo la maziwa, kazi yake mwenyewe, mwaka juzi.
Chini ya bati hilo, bati jingine, jeusi, la mtu mwingine.
"Baba yako?"
"Babu wa mke wangu."
"Ukoo mzima mnatibu jino kwa pamba."

Akapekua karai la vyuma.
Mikono ya kulia ilikuwa tele.
Wa kushoto ndio huliwa kwanza; sijui kwa nini,
fundi naye hajui, ingawa alinieleza kwa muda mrefu.
Chini kabisa, ukapatikana mmoja,
mfupi kuliko wangu kwa pingili ya kidole,
una madoa ya rangi ya buluu.
"Elfu nne. Na usiniletee kesi ya urefu."
Akaichonga pini kwa tupa, akaijaribu, akaichonga tena,
akapuliza unga wa chuma kutoka kiganjani.
Nyundo tatu. Nati.
Nyundo ya nne, ya kuagana.

Basi tangu hapo naendesha hivi:
mguu wa kulia unazunguka shamba,
wa kushoto unazunguka nyumba.
Watoto wa njia ya Mkunya wanasema Swala anachechemea.
Waseme. Maji yanafika.

Siku ya tatu, Bi Asumini Chitanda akanisimamisha.
Nilidhani anataka dumu; kisima chake cha mvua
kilikuwa kimebaki na majani makavu na chura mmoja mkaidi.
Hakutazama madumu.
Akachuchumaa, akagusa ule mkono kwa kidole gumba,
pale penye buluu.
"Hii rangi ilibaki tulipopaka mlango.
Marehemu akasema isipotee."
Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, wa buluu,
umechubuka chini, mbuzi wanapojikunia.

Sikujua niseme nini, nikasema pole.
"Amekuuzia shilingi ngapi?"
"Elfu nne."
Akanyamaza kwa namna ya mtu anayehesabu.
"Mimi alinipa elfu tatu.
Baiskeli nzima."
Akasimama, akajipangusa magoti.
"Na pampu."

Nikafungua mpira, nikashusha dumu moja, nikalitia ndani.
Akauliza bei. Nikamwambia leo basi.
Akapita kwenye ule mlango, akakaa huko kidogo,
akarudi na sarafu ya mia tano,
akaiweka juu ya siti, pale ninapokaa,
na kusimama hapo hapo hadi nilipoichukua.

Yakabaki madumu matatu, mawili upande wa kulia.
Swala akalalia kulia njia nzima,
nami nikalalia kushoto kumzuia,
sarafu ikinigonga pajani.
Ile ko haikuwepo tena.
Nilikuwa naisikiliza.