Kibao

Ndege ilitua juu ya ziwa lililoganda,
na mama akashuka ameshika mwiko kama fimbo ya askofu:
haukuingia sandukuni.
Baba alikuwa na Biblia tatu, kola mbili,
na makoti ya kuazima kwa waumini wa Winnipeg,
langu lina jina la mtoto mwingine ndani ya ukosi.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwalugha minne.
Kijiji kilikuwa na nyumba sitini na moja, duka moja,
mbwa wasiohesabika, na kanisa la mbao
lililopakwa rangi upande wa mbele tu.

Jumapili ya kwanza baba alihubiri mzabibu.
Hakuna aliyewahi kuuona.
Ya pili akaja na kondoo wake tisini na tisa;
watoto wakauliza kama kondoo hupigwa risasi kichwani au ubavuni.
Ya tatu, mpanzi akatoka kwenda kupanda,
na nje ya dirisha ardhi imefumbwa kama ngumi
mpaka mwezi wa sita.
Baba akarudi, akavua kola, akaiweka juu ya friji.
"Mghoi, mifano imeniishia."
Mama alikuwa anasonga ugali wa unga wa njano,
ule wa dukani, wa bei ya dhahabu.
"Basi kakate kuni," alisema. "Kuni hazitaki mfano."

Akakata, vibaya. Ozaya wa dukani
alimtazama akiuma midomo asicheke,
kisha akamwonyesha pa kuweka mguu.
Mzigo wa kwanza baba aliupeleka nyumba ya mwisho,
kwa Bibi Jemaima, ambaye kanisani
hakukanyaga tangu usichana wake.
Mlango ulifunguka upana wa kiganja.
Bibi akaiona kola. Ukafungwa.
Kuni zililala nje. Asubuhi hazikuwapo.

Akapeleka tena. Bila kola. Tena.
Siku ambayo mate yaligonga theluji yakiwa changarawe
alikuwa ametuchukua sisi wawili, na Bibi, kwa ajili yetu nadhani,
akasogea kando.

Chai nyeusi. Samaki mkavu. Akasema polepole,
kama anayetoa mwiba:
walimchukua kwa mtumbwi, ana miaka sita,
wakamkata nywele, wakamsugua ulimi kwa sabuni
kwa sababu ya neno moja, la kuomba maji.
Walivaa kola. "Na waliimba vizuri," alisema,
"hilo ndilo sijawasamehe."

Nilimtazama baba. Ana aya ya kila jeraha,
kama duka la dawa.
Hakuitoa. Alichora shingoni pake kwa kidole
kamba, na chini ya kamba, pembe nne.
Shuleni kwetu, alisema, huko milimani Taita,
ukiongea lugha ya mama ulivikwa kibao.
Unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako, umvike yeye.
Jioni aliyebaki nacho huchapwa.
"Nilikuwa hodari wa kutega sikio," alisema.
"Nilimvika ndugu yangu."

Mimi sikuwahi kulisikia. Mama pia, nilikuja kujua.

Bibi hakusema pole. Alimwongezea sukari
bila kuuliza, vijiko viwili,
kisha akaugonga mtungi wa plastiki: "Nipi."
Maji. Lile lile neno.
Lakini Mwalugha alisikia *nipe*,
na kwa kuwa kwetu mkubwa haombi mara mbili,
akamkabidhi kikombe chake kwa mikono yote miwili.
Bibi akacheka mpaka akashika meza.

Kanisani hakuja. Niliseme mapema
kwa wanaosubiri muujiza.
Mwaka ule baba aliiandikia dayosisi,
na mama, aliyenakili kwa mwandiko wake mzuri,
alikataa kurefusha:
Waliobatizwa, hakuna.
Kuni, za kutosha.
Ninajifunza kuomba maji.