Utando wa Tatu

Maseno, saa tisa, mvua imekata stima.
Mwalimu Kageha ana tochi moja
na tando tatu alizozibandua kwa wembe
kwenye vioo vya vikokotoo vilivyokufa.

Wa kwanza kaulaza: nuru inapita, imepungua.
Wa pili kausimamisha mbele yake:
giza. Giza tii, kama ndani ya mtungi.

"Wa kwanza umeuliza, umelala?
Waliojibu ndiyo ndio waliopita.
Wa pili unauliza, umesimama?
Hapiti hata mmoja."

Kisha akauchomeka wa tatu katikati, mshazari,
nasi tukangoja giza lizidi.

Nuru ikarudi.

Hafifu, robo ya ile iliyovuka kwanza,
lakini nuru, ukutani, kando ya chati ya elementi.

Ominde hakungoja kuruhusiwa:
"Umeongeza kizuizi, mwalimu. Nuru imetoka wapi?"

"Swali la mshazari," akasema, "halikuwa na jibu ndani ya fotoni.
Si kwamba lilifichwa humo. Halikuwamo.
Ikabidi ijibu papo hapo, ndiyo au la, bila sababu,
na ikishajibu
imeshasahau kwamba iliwahi kulala."

Sikuandika.
Nilikuwa namwona karani wa sensa, mwezi Agosti,
viatu vimejaa tope letu, kalamu juu ya kisanduku:
Mjaluo au Mluhya?
Baba wa Seme, mama wa Ebusakami,
na choo chetu, wasema majirani, kiko ng'ambo ya mpaka.

Kabla hajauliza sikuwa nusu na nusu,
wala sikuwa mmoja wao ila sijijui.
Nilikuwa kitu ambacho kisanduku hakijakigusa.
Nikasema neno moja. Akalipulizia wino ukauke.
Tangu hapo kila aniulizaye hulipata lilelile,
na mjomba akinisalimu kwa lile jingine
mdomo wangu ni ukuta.

Jioni ile nilimkuta nyanya akipepea jiko kwa mfuniko.
Hakuuliza mimi ni wa nani.
Hakugeuka hata.
"Umekula?"

Nikasimama mlangoni, mvua ikinichuruzika shingoni,
nikilitafuta jibu, sikuwa nalo,
nikajibu.

Na kitu kikapita.
Si chote. Robo, pengine.
Kilitosha kuionea sufuria.