Mizani Haina Shemeji

Sampuli imeletwa ndani ya mfuko wenye lakiri,
namba mia nne na kumi na saba, jina halina.
Lakini pua hii imeishi Võru miaka hamsini na miwili.
Kitunguu saumu, moshi wa mreteni, na bizari kidogo
ambayo wengine wote huisahau:
soseji ya Heldur, mume wa dada yangu.

Ningeweza kusema.
Nikafunga kinywa, nikafungua kisagio.

Visu vilizunguka mara tatu,
kila mara nikikwangua kuta kwa mwiko,
maana mafuta yana ujanja, hupenda kujibanza pembeni
yakaiacha nyama itoe ushahidi peke yake.
Ikawa uji wa waridi, hauna kichwa wala mkia.

Gramu tatu. Nikafunga vioo vya mizani,
nikazuia pumzi, kwani hata pumzi ina uzito,
na yangu siku hiyo ilizidi.

Kisha asidi na moto, saa nzima ya kutokota
chini ya mrija wa maji baridi,
hadi nyama ikaachia ilichokikumbatia.
Zamani nilichuja kwa mkono; kovu hili la kidole gumba
ni la mwaka ule theluji ilipoziba mlango wa maabara.
Sasa mashine huchuja sita kwa mpigo,
huosha, hunyamaza, huwasha taa ya kijani,
nami bado nasimama karibu nayo
kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Karatasi ikakauka. Nikaitia ndani ya subana,
si ile ya fundi cherehani,
hii ni ya selulosi, ndefu kama kidole cha kati.
Etha ikapanda mvuke, ikashuka matone,
ikajaa, ikajimwaga, ikaanza upya.
Tone. Tone. Nikakumbuka mazishi ya mama:
Heldur alileta sinia mbili, akakataa pesa,
na Leida akanilisha kipande kwa mkono wake
kwa sababu wangu ulikuwa ukitetemeka.

Lebo inasema kumi na nane kwa mia.

Kikombe kilitoka tanurini, kikapoa juu ya punje za buluu,
zile zinazogeuka waridi zikinywa unyevu.
Nikakipima. Kimeongezeka sifuri nukta saba nane.
Nikarudia yote, tangu kisagio.
Saba nane.
Nikaandika: ishirini na sita.

Wiki tatu Leida hakupokea simu.

Jumamosi ya nne nilipanga foleni buchani.
Heldur akakata bila kuniuliza kiasi,
akafunga, akausukuma mfuko juu ya kaunta.
Lebo mpya, wino bado unang'aa: mafuta, 26.
Nyuma yangu babu mmoja akaisoma kwa sauti,
akacheka, "Kumbe ndiyo maana tamu!"
akaagiza kilo mbili.

Heldur hakucheka.
Alinirudishia chenji,
akaihesabu mara mbili.