Kilometa Kumi na Tisa

Lilishushwa Ipuli kutoka kwenye trela, limefungwa minyororo
kama fahali wa mnadani.
Mita yake ilisoma kilometa kumi na tisa
na hakuna hata moja niliyoiendesha mimi:
ni za kiwandani, za melini, za bandarini,
za kijana wa wakala aliyelikanyaga usiku, akakana.

Nguvu za farasi mia nne na hamsini.
Nilijaribu kuwahesabu, nikakosa usingizi:
farasi wote hao ndani ya banda la mabati
alimokuwa akifuga kuku Nyamizi.

Miaka thelathini na mmoja niliendesha treni.
Usoke, Urambo, Kaliua,
Uvinza na chumvi yake, kisha Kigoma, mwisho wa reli,
ziwa limekaa pale kama mtu aliyekwisha kujibu.
Watu hawajui: treni haina usukani.
Unaongeza, unapunguza, unapiga honi,
lakini njia alikwisha kuichagua mtu
aliyekufa kabla hujazaliwa.
Nilitaka, macho yangali yanaona,
kukata kona moja kwa mikono yangu.

Ndiyo sababu. Msiniulize tena kiinua mgongo kilikwenda wapi,
wala kiwanja cha Kiloleni.

Mdogo wangu Msonda anasema: lifunike.
Ameuza tumbaku, anajua kusubiri bei.
"Ya namna hii yametengenezwa machache. Likae miaka kumi.
Kila kilometa unayoiweka ni noti unayoichoma.
Na tumbo lake liko chini kama la kenge,
tuta la kwanza la Cheyo litalipasua."
Nikanunua turubai. Nikanunua kufuli mbili.

Fundi Shija alilizunguka, akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu.
"Mzee Kapaya, kusimama nako ni kazi, tena nzito.
Mipira inakauka. Petroli inachacha.
Tairi linabonyea upande mmoja kama mgonjwa asiyegeuzwa.
Gari si lazima ulimalize kwa kuliendesha.
Unaweza kulimaliza kwa kuliheshimu."

Basi nikashika njia ya kati, ya waoga:
kila Ijumaa jioni naliwasha dakika kumi.
Mabati yanatetemeka.
Nimefunga mkanda, nimeshika usukani,
nasafiri kuelekea ukutani.
Nyamizi husimama mlangoni na beseni la mchicha.
"Leo umefika wapi?"
"Urambo."
"Umeniletea nini?"

Mwezi wa nane panya walizaa chini ya boneti.
Sita, wekundu, vipofu,
wamelazwa juu ya sponji iliyotafunwa kutoka kwenye kifuniko cha injini.
Nilisimama na ufagio
nikaona aibu nisiyoitarajia:
wao ndio wa kwanza kulitumia.

Jumapili, kabla ya jogoo wa pili, nilifungua kufuli zote.
Nyamizi alipanda na khanga yake ya safari
na chupa ya chai, kana kwamba tunakwenda msibani.
Barabara ya Nzega. Lami. Miombo huku na huku,
mizinga ya nyuki ikining'inia gizani.
Nikakanyaga.

Sitaeleza. Mgongo wangu unajua.
Nyamizi alipiga kelele, akanyamaza, akacheka
kicheko ambacho mara ya mwisho nilikisikia hatujapata watoto.
Kona ilikuja.
Niliikata.

Wakati wa kurudi, kwenye kivuko cha reli, treni ya Mwanza ilituzuia.
Dirishani alikuwa Lubeleje, niliyemfundisha breki mimi,
akapiga honi ndefu kwa gari asilolijua.
Nikahesabu mabehewa, mazoea hayaachi.
Farasi mia nne na hamsini walisubiri, wakihema.

Mlangoni sasa kuna mkwaruzo wa urefu wa kidole:
baiskeli ya mkaa, pale Isevya.
Msonda ameuona. Hatujalizungumza.
Turubai liko uani, Nyamizi kaanika karanga juu yake,
na wingu linajikusanya upande wa Sikonge.
Mita inasoma mia moja na sita.
Toa kumi na tisa.