Maili Mia Tatu na Kumi na Mbili

Ganix, nimesema mbele ya kamati.
Walinipa dakika tatu na glasi ya maji.
Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mwekundu
ulionikimbiza kama mbwa wa jirani.

Nikawaambia: toka mlango wangu hadi kaburi lake
ni maili mia tatu na kumi na mbili.
Sikuzisoma kwenye ramani.
Nimezihesabu kwa kiuno,
kwa vituo viwili vya mafuta, kimoja kimefungwa,
kwa mlima ambao Januari huziba njia
ukamnyima mume wangu mgeni hadi Machi.

Seneta mmoja, kijana, tai ya buluu,
akasema sheria huhesabu watu:
palipo na vichwa vya kutosha
ndipo Nevada hupimiwa makaburi ya askari.
Sisi wa bondeni tu haba,
na haba yetu haijazi kibaba chao.
Nikasema, wangehesabiwa kondoo
tungekuwa na makaburi matatu.
Wakacheka. Mimi sikuwa natania.

Maana walipokuja kukuchukua
hawakuuliza bonde lina vichwa vingapi.
Barua ilifika siku ya kukata kondoo manyoya,
ikakukuta mikono imelowa mafuta ya sufu,
ikabaki na alama za vidole vyako.
Nyumba arobaini. Vijana kumi na mmoja.
Hesabu hiyo hawakuiona haba.

Mswada umepita.
Kiwanja ni kile cha Arambel, nyuma ya ghala la nyasi kavu,
pale ulipovunja ekseli ya trela ukalaumu jiwe.
Kwa miguu yangu hii, dakika ishirini.

Wakaniletea fomu:
nikitaka, ufukuliwe, uletwe nyumbani.
Wiki ya pili sasa iko chini ya kopo la sukari.
Kila nikishika kalamu nakusikia,
kama siku ile umetoka vitani
mama yako akitaka kukupeleka Reno kwa daktari:
"Nimehamishwa vya kutosha."

Basi lala. Sikutia sahihi.
Siku yangu nitakuja mimi,
maili zote zile kwa mara ya mwisho,
bila kuangalia mshale wa mafuta.

Wa kwanza kuzikwa pale ni Dewey Sotelo.
Ndiyo, huyo huyo,
aliyetuibia maji ya mfereji kiangazi kizima
ukamnunia miaka tisa,
hata kanisani ukikaa upande wa dirisha usimwone.
Watoto wake wako mbali, hawajafika.
Nyasi za juu yake bado ngeni,
zimetandikwa kama zulia la jana dukani,
kingo zimeanza kukauka.

Jumapili nilikwenda na ndoo.
Nikammwagia.
Maji mengi, Ganix. Ya mfereji wetu.