Folio ya Kumi na Nne

Masijala yetu iko nyuma, upande wa jua la mchana,
chumba chenye dirisha moja na panya mwenye cheo kunizidi.
Miaka ishirini na sita nimekaa humu, Tabora hii,
nikipokea, nikigonga muhuri, nikitoboa, nikifunga kwa uzi.
Majina ya watu yamepita viganjani mwangu
kama karanga kwenye ungo:
nayajua yenye punje na yaliyo maganda.

Nyamizi binti Kasanda ananisaidia.
Anajua jalada la maji liko wapi umeme ukikatika.
Anajua nani kahama, nani kafa, nani anadai nauli ya likizo
tangu mwaka ule wa mvua nyingi.
Lakini yeye ni kibarua.
Mkataba wa miezi mitatu, kisha siku moja ya kukaa nyumbani Isevya
ili sheria isimwone,
kisha mitatu tena.
Mara thelathini na sita.
Siku hiyo moja hupika matobolwa. Kesho yake ananiletea,
yamefungwa gazetini, na karanga pembeni.

Nafasi ikatangazwa. Moja.
Maombi mia mbili na kumi na saba; nikayapa namba,
nikayafunika majina kwa karatasi nene,
kwani waraka ulisema hivyo, na safari hii
niliamua kuusoma waraka kama ulivyoandikwa.

Jumatano, saa nne na robo, kikaja kimemo.
Kipande cha shajara, wino wa kijani, maneno saba:
"Huyu kijana wetu. Mwangalieni kwa jicho zuri."
Hakina tarehe. Sahihi yake mkia wa mjusi.
Vimemo namna hii havina makazi:
vinasomwa, vinatekelezwa, vinachanwa.
Sijapata kuona hata kimoja kikilala ndani ya jalada.

Sikukasirika. Mimi si mtu wa kupiga meza.
Nilichukua muhuri, IMEPOKELEWA,
nikaweka tarehe, nikatoboa matundu mawili,
na kwa kalamu nyekundu, juu kulia, nikaandika 14.
Jalada likapanda ghorofani mikononi mwa tarishi,
taratibu, kama kila siku.

Mchana bosi akanishukia mwenyewe, jasho shingoni.
"Mzee Mihayo, hii imefikaje humu?"
"Kwa mlango, mkuu."
"Itoe."
"Nitaitoa. Niandikie dokezo tu, useme nitoe nini na kwa nini.
Litakuwa folio ya kumi na tano."
Panya alipita. Feni haikuwa inazunguka.
Akalitazama jalada kama mtu anayetazama
choo cha shimo kilichomeza simu yake.
Dokezo halikuandikwa.

Usaili ukafanyika. Namba zikaingia, namba zikatoka.
Kijana wa kimemo alikuwa wa hamsini na moja.
Ningependa kukwambia Nyamizi alipata.
Nilichapa matokeo mwenyewe, kwa vidole viwili,
nikafunua namba ya kwanza: mtu wa Kaliua, simjui,
Lushinge fulani, alama themanini na nane.
Ya pili, Nyamizi. Themanini na sita.
Alama mbili!
Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi na chumbani sina shahidi.
Nikaiweka chini. Ilikuwa nzito kuliko muhuri.

Nilimwambia nje, karibu na bomba.
Alikausha mikono kwenye kanga, akanyamaza
mpaka filimbi ya treni ya Mpanda ikamaliza maneno yake.
"Mara nne nimeshindwa na karatasi," akasema.
"Leo nimeshindwa na mtu. Aje tu.
Nitamwonyesha jalada la maji liko wapi."

Jioni sikwenda nyumbani mapema.
Niliteremsha mikataba yake yote thelathini na sita,
nikaipanga toka ule wa kwanza, nikatoboa,
nikachukua jalada jipya, nikaandika jina lake lote
bila kulifunika.
Folio ya kwanza.
Ya pili.
Mwanga ulipopungua nilikuwa kwenye ya ishirini na mbili,
na uzi bado ulikuwa mrefu.