Saa Ndani ya Kopo la Unga

Nakaa London. Usicheke,
London ya Nakuru, jirani na jalala la Gioto,
ambako moshi huamka kabla ya jogoo
nami nilikuwa naamka kabla ya moshi.

Saa kumi na nusu nafunga kamba za viatu,
Kimaru bado amelala, mkono wake
umeshika mahali nilipokuwa.
Sikuwa mtu wa kukaa mahali.
Kupanda Menengai, leleshwa ikinichapa mapajani,
hadi ukingoni ambapo ardhi imeachama
na mvuke unapanda kutoka chini
kama wa sufuria ya mtu mwingine.
Kushuka. Jioni, tena.
Jumapili mara moja tu, kwa heshima ya Bwana.

Saa ya mkononi ikanisifu: rekodi mpya.
Kocha Murei akanisifu:
umekuwa mwepesi kama ganda la karanga.
Karanga yenyewe iko wapi, sikumuuliza.

Mwezi wa tatu sikuona mwezi.
Nikasema, ndiyo hiyo!
Nikaenda kununua kipimo Shabab, mbali, wasinijue,
nikangoja chooni nikihesabu sekunde
kama anayehesabu mizunguko ya uwanja:
mstari mmoja.
Wa nne, mmoja.
Wa tano, mmoja, mnyoofu, mwekundu,
barabara isiyo na mtu.

Nikaongeza kilomita.
Ndivyo nilivyolelewa: ukikosa, kaza.
Mama alipalilia viazi Kuresoi nikiwa tumboni mwake,
Jumanne akanizaa, Jumatatu iliyofuata yuko mtaroni.
Sasa mimi, mwenye viatu vya elfu kumi na mbili,
nishindwe?

Daktari Awinja ana kliniki juu ya duka la mbegu.
Hakuanza na tumbo.
"Asubuhi unakunywa nini?"
Chai.
"Ya maziwa?"
Ya rangi.
"Na kila siku unakimbia kwenda wapi?"
Nikacheka. Hakucheka.
Akaandika, kwa ule mwandiko wao,
maneno matatu: Kula. Tembea. Ngoja.
"Mwili si mjinga, Jerubet.
Ukiuaminisha kila alfajiri kwamba mnafukuzwa,
hautatandika kitanda cha mgeni."

Hakuna aliyeniambia kutembea ni kazi.
Akina mama wa Gioto, magunia ya plastiki mgongoni,
wananipita: "Bingwa, leo unaumwa?"
Mbuzi wananipita.
Nakaa kwenye jiwe nakula parachichi kwa chumvi,
zima, na kokwa nailamba.
Usiku miguu inakimbia peke yake chini ya blanketi,
Kimaru anaamka na alama za mateke
na hasemi kitu, ananivutia soksi juu.

Saa niliificha ndani ya kopo la unga.
Siku moja maji yanachemka, nachota,
nayo huko ndani ikatetemeka, ikaamrisha:
Songa!
Nikasonga.
Ugali wa watu wanne, tukaumaliza wawili.

Nilinenepa mashavu. Rinda la harusi ya dada
likanikataa zipu. Nililia kwa hilo, sitaficha,
nililia kuliko nilivyolilia ile mistari.

Wiki ya kumi na moja, alfajiri, damu.
Najua wanawake ambao damu hiyo
huwakalisha sakafuni, wakaziba mdomo kwa taulo.
Mimi nilitoka bafuni nikipiga kelele: imekuja! imekuja!
Kimaru akaruka kitandani, akaniangalia,
uso ukamwanguka. Akatafuta neno la kunifariji,
maskini, akapata lile lile la siku zote.

Mtoto hayupo bado. Huenda asiwepo.
Ila kuna mtu huko ndani
aliyekuwa amefunga duka akaenda,
leo amerudi anafagia.

"Pole," akasema Kimaru.
"Pole," nikamjibu, nikivaa ndara,
nikimshika mkono tutoke nje kabla ya moshi,
lakini mimi nilimaanisha mwendo.